Bi Mwanahija na Mkunazi wa Mlango wa Jikoni

Kabla hatujamtoa Bi Mwanahija ndani, familia inawaomba mkae kidogo, mlioko barazani na mlioko uani, na kina mama wa jikoni nanyi wekeni mwiko pembeni kwa muda. Marehemu hakupenda kusimulia huku watu wamesimama. Alikuwa akisema hadithi ina haki yake kama wali, mtu huikalia mkekani. Haya yaliyoandikwa kwenye karatasi mliyoshika ni maisha yake kwa ufupi, na wengi mliomo humu mtajisikia mmeguswa, wengine kwa wema wenu, wengine kwa maneno mliyoyasema miaka ile. Msikasirike. Mwenyewe alishayacheka zamani.

Bi Mwanahija binti Fikiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Kisimani, mtoto wa kwanza wa Mzee Fikiri Abubakari na Bi Kidawa. Baba yake alikuwa mvuvi wa kutoka upande wa Kilwa aliyekuja Mafia kwa dago. Alipiga kambi Shungimbili msimu wa kwanza, akarudi msimu wa pili, na msimu wa tatu akaonekana Kisimani amevaa kanzu safi, anauliza nyumba ya wazee wa Kidawa. Mama yake alikuwa msuka ukili. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mkunazi mkubwa, na kila Alhamisi baada ya Alasiri Bi Kidawa aliyatwanga majani yake kinuni, akayatia maji mpaka yakatoa povu, akawaosha wanawe vichwa ili Ijumaa iwakute safi. Kwa hiyo Mwanahija aliujua mkunazi kwa tunda lake mdomoni na povu lake kichwani. Kwamba majani hayohayo ndiyo ya kuoshea maiti alikuja kuambiwa ameshakua, na hakuona la kumshtua.

Alisoma chuo cha Kurani kwa maalimu wa kijijini na kuhitimu msahafu mwaka 1964. Shule ya msingi aliianza mwaka 1961 akaishia darasa la nne, mama yake alipojifungua na nyumba ikawa haina mikono. Kuhusu masomo yake kuna kumbukumbu moja tu inayofahamika vizuri. Mwalimu alimlalamikia Mzee Fikiri kwamba binti yake, akiulizwa habari aliyoisoma, anatoa habari ndefu kuliko iliyomo kitabuni, na ndani yake kuna watu ambao kitabu hakiwajui. Mzee alimwahidi mwalimu kwamba atamkanya. Usiku ule, akishakula, akamwita binti yake na kumwomba amsimulie hiyo habari yenye watu wengi.

Tarehe 9 Septemba 1971 aliolewa na Bwana Awadh Hafidhi wa hapa Miburani, mkulima wa minazi, wa ukoo wenye mashamba na wenye babu wa Kiomani anayetajwa kila panapofungwa ndoa. Ukoo ulitarajia bibi harusi wa masanduku. Huyu alikuja na sanduku moja, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na kokwa za kunazi alizozifunga kwenye pindo la kanga. Masika ya mwaka uliofuata alizipanda nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya vyombo, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Moja ikaota.

Mama mkwe wake, Bi Khairiya, aliutambua mche ulipomfika magotini. Siku hizo hapa Miburani hakuna aliyepanda mkunazi nyumbani kwake. Ulikuwa mti wa kufuatwa mbali siku ya msiba. Mtu alikata matawi ya kumwoshea maiti akarudi bila kugeuka nyuma. Bi Khairiya alimwita mkwewe ukumbini akamwambia amewapandia msiba mlangoni. Bi Mwanahija akajibu, kwa adabu na macho chini, kwamba yeye ameoshwa nywele kwa majani hayo tangu hajaota meno, na bado yupo. Jibu lilikuwa la kweli ila halikumfurahisha mtu. Mti ukaachwa kwa shingo upande, kwa sababu Bwana Awadh alimpenda mkewe na hakutaka zogo nyumbani.

Mwaka 1973 walijaliwa binti, wakamwita Furaha. Tarehe 2 Februari 1976 surua ilimchukua, siku ambazo surua ilichukua watoto wengi. Mkunazi ulikuwa umeshafika kimo cha mlango, na majani ya kumwoshea Furaha yalichumwa hapohapo. Hilo likawatosha watu. Maneno yalianza kabla matanga hayajaanuliwa, na yalipofika ukumbini yalikuwa yameshakuwa amri. Bwana Awadh alitoka nyuma na shoka, mama yake akiwa mlangoni. Bi Mwanahija alikuwa amekaa chini ya mti, hajainuka hapo tangu asubuhi. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Ukiukata, mume wangu, watu watasema mti ndio uliomuua, na aliyeupanda ni mimi," alisema. "Mwanangu kafa kwa surua. Mwacheni afe kwa surua."

Bwana Awadh aliliegemeza shoka ukutani. Halikurudishwa stoo tena. Lilikaa pale mpaka mchwa wakala mpini, na hakuna aliyeliulizia.

Mti ulibaki, ila watoto waliondoka. Kila nyumba ilimkataza mwanawe kukanyaga ua ule. Alhamisi ilipofika Bi Mwanahija alitwanga majani kama kawaida, akaziosha nywele zake mwenyewe, povu lililobaki akalimwaga. Baadaye, alipoweza kuyazungumza haya, alisema kufiwa na mtoto lilikuwa jambo la Mungu na alilipokea. Kunyimwa sauti za watoto wa wenzake lilikuwa jambo la watu, na hilo ndilo lililomkondesha. Mwaka 1978 alimzaa Tofiki, akapona kidogo. Lakini mtoto mmoja katika ua mkubwa alimtia huzuni kumtazama, anavyocheza na kivuli chake.

Sasa tufike kwenye kazi. Katika karatasi nyingi za serikali, panapotakiwa kazi ya Bi Mwanahija pamewekwa kistari. Familia inaomba kukijaza kistari hicho leo, mbele ya mashahidi.

Alikuwa mwanamke wa nyumba, na nyumba ile ilikuwa ya udongo na makuti, haina vitu vingi. Alisema vitu vikijaa, mgeni utamkalisha juu ya nini. Ua ulifagiliwa kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijatoka. Mitungi ilifukizwa ubani ndipo maji yatiwe, na aliyewahi kunywa maji ya pale anajua tunasema nini. Mafuta ya nazi aliyapika mwenyewe, akayatia asmini yangali moto. Chicha iliyobaki baada ya kukamua tui haikutupwa. Ilitumiwa kusugulia visigino, kisha ikapewa kuku. Maharusi wa mtaa mzima walisingwa mwili kwa liwa, unga wa mti wa kunukia aliousaga yeye. Hakuuza hata kichupa. Ukimwuliza siri ya ngozi yake alikwambia lala mapema na usimseme mtu, halafu anakucheka, maana alijua la pili huliwezi.

Na alisimulia. Alasiri, akikuna nazi, alimketisha Tofiki mbele yake akamtolea hadithi, mchana kweupe. Hapa kwetu wazee wamekataza tangu hapo hadithi za mchana. Wanasema anayesimulia huota pembe. Bi Khairiya alimkumbusha hilo. Alijibiwa kwamba pembe zikiota si hasara, watakuwa na pa kuanikia kanga. Inasemekana Bi Khairiya alicheka, ila aliingia ndani kwanza ili asionekane.

Hadithi aliyoipenda ilikuwa yake mwenyewe. Ilimhusu binti anayeitwa Mwanasiti, aliyetumwa kupeleka kaa la moto ndani ya kifuu kwa bibi mmoja aliyezimikiwa moto ng'ambo ya pili. Njia ilikuwa ya kupita majini maji yakikupwa. Katikati ya safari maji yalianza kujaa, na Mwanasiti ikambidi aliongeleshe lile kaa ili lisilale. Alichokuwa akiliambia kilibadilika kila siku. Siku nyingine alilitajia majina ya samaki, siku nyingine aliligombeza kama mdogo wake.

Watoto wa jirani waliisikia hadithi nyuma ya ua wa makuti. Bi Mwanahija alijua wapo. Akaanza mtindo uliokuwa wake mpaka mwisho: mwanzo wa hadithi aliutoa kwa sauti kubwa, ya kufika njiani, kisha alipofika patamu aliiteremsha sauti kidogo kidogo. Aliyetaka kujua maji yamemfika wapi Mwanasiti ilibidi asogee. Walisogea mpaka ua ukatoboka. Bwana Awadh alileta makuti mapya kuziba tundu, mkewe akamwomba ayaweke juu ya banda la kuku, ambako kunavuja kweli. Tundu likaachwa, likapanuka, likawa njia.

Walioingia kwa tundu walikutana na Alhamisi. Alimaliza hadithi, akatwanga majani, akaosha vichwa, akapaka mafuta ya asmini. Hapo ndipo watoto walipokamatwa, maana walirudi makwao wananukia. Mama alimwuliza mwanawe ametoka wapi, mtoto anasema alikuwa kwa maalimu, na kichwa kinasema vingine. Viboko vilitembea. Alhamisi iliyofuata vichwa vilevile vilikuwa tunduni.

Mwaka 1983 jirani yake Safia, huyu tunayemwita leo Mama Safia, wakati huo mama kijana, alikuja mwenyewe kumchukua binti yake. Alipitia mlango wa mbele, kanga kaifunga kiunoni, ameshapanga maneno. Akamkuta Mwanasiti maji yapo kifuani.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," akasema.

"Mchukue, shoga, mtoto ni wako," Bi Mwanahija akamjibu, mkono bado uko kwenye nazi. "Ila nipishe nimfikishe huyu kwanza, asije akafa maji mbele yako."

Safia alisimama. Baadaye akaegemea ukuta. Kaa lilipoanza kufifia ndani ya kifuu, Safia alikuwa ameketi juu ya kinu. Hadithi ilipokwisha aliuliza, na wala hakuona haya, yule bibi wa ng'ambo alisemaje alipomwona Mwanasiti. Akaambiwa hiyo ni ya Alhamisi ijayo. Alirudi, na mara hii alimshika mkono binti yake kumleta. Mama Safia amekaa pale karibu na mlango. Anaitikia kwa kichwa, kwa hiyo hatujazidisha.

Watu wasidhani marehemu aliyafanya majani kuwa dawa ya kila kitu. Kila mama aliyemletea mtoto mara ya kwanza aliulizwa neno moja: kachanjwa? Kama hajachanjwa, kichwa hakioshwi mpaka akapelekwe kliniki, na hakuwa na mzaha kwa hilo. Majani alisema ni ya nywele, homa ni ya hospitali. Wapo hapa watu wazima waliolia tunduni kwa kunyimwa povu, wakachanjwa siku ya pili, na leo wana wajukuu.

Bi Khairiya alikuwa wa mwisho kushindwa. Mwaka 1991 alishikwa na maradhi ya kupooza, na Bi Mwanahija akamlea kama mama aliyemzaa. Alimgeuza, akamkanda kwa mafuta, akamlisha uji. Nywele tu ndizo mgonjwa alizozikataza zisiguswe, kwa kuwa alijua zitaoshwa kwa kitu gani. Zikashikana. Alhamisi moja, vicheko vya watoto vikiingia dirishani, alimwita mkwewe.

"Nipe na mimi hayo majani yako, mwanangu," alimwambia. "Nioshe nikiwa bado najisikia."

Alioshwa kitandani. Aliishi miezi mingine saba akinukia asmini, akimwambia kila aliyekuja kumtazama amnuse. Alipofariki, aliyemwosha mwisho alikuwa mkwewe yuleyule, kwa majani ya mti uleule.

Bwana Awadh alitangulia mbele ya haki tarehe 20 Agosti 2014. Baada ya eda Tofiki alimtaka mama yake ahamie kwake Dar es Salaam. Mama alikwenda, akakaa, akaona watoto wa kule wanaingia ndani kwa funguo na kutoka kwa gari, hakuna tundu. Alirudi kabla mwezi haujaisha. Tofiki hakushindana naye. Alimpa binti yake mkubwa, Shani, akae na bibi yake, na Shani hakuondoka tena. Leo anafundisha darasa la awali hapahapa Miburani.

Maradhi yalianza mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na hospitalini Kilindoni aliambiwa ni moyo umechoka. Vidonge alivimeza kwa wakati wake na madaktari aliwaheshimu. Kukuna nazi kukamshinda, akamwachia Shani. Kusimulia hakukumshinda, ila ile sauti kubwa ya mwanzo ilikwisha. Alianza chini na kumaliza chini, na watoto wakawa wanakaa karibu tangu mwanzo. Alisema kwa kucheka kwamba maradhi yamemharibia kazi.

Kufa hakukumtisha. Kulikuwa na jambo moja tu lililomnyima raha, na alilieleza wazi mbele ya Shani na Mama Safia katika wiki ya Idd el Haj, watoto walipokuja kumpa mkono wa Idd. Alijua siku yake ikifika ataoshwa kwa majani ya mkunazi wake. Watoto wataona matawi yanakatwa na yanaingizwa ndani kwa maiti. Watu wazima watawazuia wasisogee. Alhamisi moja itapita bila povu, kwa sababu ya msiba, kisha ya pili, na mti utarudi kuwa kama ulivyokuwa mwaka 1976. Kazi yake yote ingevunjwa na maziko yake mwenyewe.

"Mkinipenda, majani yangu yachumwe na watoto," alisema. "Na Alhamisi isipite. Iwe nipo ndani, iwe nimeshazikwa, isipite."

Bi Mwanahija alifariki dunia nyumbani kwake jana, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Shani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Maziko yalisubiri leo ili Tofiki afike.

Asubuhi ya leo Shani aliwaita watoto wa mtaa, akawapa nyungo. Kulikuwa na waliopinga. Si vibaya kusema, kwa kuwa walisema kwa nia njema. Walisema mtoto mdogo hachumi majani ya maiti, itamwandama. Mama Safia, ambaye magoti hayamruhusu kusimama ovyo, alisimama.

"Waacheni," alisema. "Mimi niliwahi kumzuia wangu, na niliyekosea ni mimi."

Watoto wakachuma. Hawakunyamaza hata kidogo. Walibishana Mwanasiti maji yamemfika wapi, walikula kunazi zilizoanguka, mmoja alichomwa na mwiba akalia akabembelezwa. Walioko ndani waliwasikia mpaka mwisho. Majani yalijaa nyungo, yakatwangwa katika kinu chake kile alichokuja nacho, na Bi Mwanahija akaoshwa na Mama Safia, na Shani akimimina maji. Kichwa chake kinanukia alivyokuwa akivinukisha vya wengine.

Ameacha mtoto mmoja, Tofiki Awadh, na mkewe, wajukuu wanne, mkubwa wao Shani, kitukuu mmoja, mdogo wake Abdulrahmani Fikiri wa Kisimani, shoga yake wa miaka mingi, Mama Safia, watoto wa Miburani ambao familia haiwezi kuwaandika wote, na mkunazi mmoja uliozoea kumwagiwa maji ya vyombo.

Familia inatangaza jambo moja la mwisho. Leo ni Alhamisi. Majani yaliyochumwa asubuhi hayakuisha, yaliachwa makusudi. Tukishatoka makaburini na watu wakishakula, Shani atakaa chini ya mkunazi, na kila mwenye mtoto anaombwa amlete, au amwache aje mwenyewe, tundu linajulikana. Alhamisi iliyopita bibi yao aliishiwa pumzi Mwanasiti akiwa na maji ya kiuno na kaa linafifia, akawaambia watasikia iliyobaki wiki hii. Watasikia. Nyinyi mliokulia pale mnajua kilichotokea ndani ya kile kifuu, tafadhalini, msiwaambie.

Mwenyezi Mungu amsamehe Bi Mwanahija, amkutanishe na Furaha wake, na ampe usingizi mwema usio na maradhi. Amin.